Asilimia 60 ya Kuziba Haisemi Yote

SWALI: Daktari, salaam. Baba yangu ana miaka 63. Akipanda ngazi kuja ghorofa ya tatu tunakoishi, kifua humbana, na akipumzika dakika chache hutulia. Alipigwa picha ya mishipa ya moyo katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, tukaambiwa mshipa mkubwa wa mbele umeziba kwa asilimia 60. Daktari wa kwanza alitaka awekewe stenti, yaani kijibomba cha wavu cha kuupanua mshipa, mara moja. Wa pili anasema kwanza ipimwe presha ndani ya mshipa wenyewe. Kama picha imeshaonyesha, kwa nini tulipie kipimo kingine? Binti wa kwanza, Kariakoo.

JIBU: Binti yetu, pole kwa kumuuguza mzee. Kwa maelezo uliyotoa, naungana na daktari wa pili, kwa sababu asilimia 60 ni kipimo cha umbo la mshipa, wala si kipimo cha damu inayopita.

Katika anjiografia, dawa ya rangi huingizwa mshipani na eksirei hunasa kivuli chake. Mshipa uliobanwa upande mmoja huweza kuonekana mpana ukitazamwa huku na mwembamba ukitazamwa kule. Na kwa kuwa asilimia hupatikana kwa kulinganisha palipobana na sehemu jirani inayodhaniwa kuwa nzima, jirani huyo naye akiwa mgonjwa, hesabu hupotoka. Isitoshe, moyo hujua kujifidia. Mwaka 1974 daktari wa moyo Lance Gould na wenzake, katika majaribio kwa mbwa, walionyesha kwamba moyo uliotulia huendelea kupata damu yake ya kawaida mpaka mshipa ubanwe kwa takriban asilimia 85, kwa sababu mishipa midogo iliyo ng'ambo ya mbano hutanuka; lakini moyo unapotakiwa kufanya kazi kubwa, upungufu huanza mbano unapokaribia nusu. Ndiyo maana mzee akiwa ameketi hana neno, ila ngazi humshinda.

Kipimo anachokitaja daktari wa pili kiliendelezwa miaka ya 1990 na madaktari wa moyo Nico Pijls na Bernard De Bruyne. Waya mwembamba wenye kihisi cha presha hupitishwa hadi ng'ambo ya mbano, mgonjwa hupewa dawa ya kutanua mishipa midogo, kwa kawaida adenosini, kisha presha ya ng'ambo hugawanywa kwa presha ya mshipa mkuu utoao damu moyoni (aota). Ikiwa ng'ambo ni 72 na mshipa mkuu ni 96, jibu ni 0.75. Jibu la 0.80 au chini yake huonyesha kwamba mbano unazuia damu kwa kiasi cha kuhitaji kufikiriwa stenti.

Katika utafiti wa kipimo hiki uitwao FAME, kati ya mibano iliyosomwa kwa macho kuwa asilimia 50 hadi 70, ni 35 tu katika kila 100 iliyozuia damu kwa kiwango hicho. Hata hivyo, usiichukue 35 hiyo kuwa ndiyo hali ya baba yako: mshipa wa mbele hulisha sehemu kubwa ya msuli wa moyo, hivyo mbano uleule ukiwa huko huwa na uzito zaidi.

Kuhusu gharama, una haki ya kuuliza. Siku hizi kompyuta inaweza kukadiria uwiano huo kutokana na picha zenyewe, ziwe za anjiografia au za CT (eksirei ya kompyuta), bila kuingiza waya wa presha. Ya CT iliidhinishwa Marekani mwaka 2014, ingawa chokaa nyingi kwenye mishipa huziharibu picha zake. Kwa anjiografia, utafiti wa FAVOR III wa Ulaya, uliotolewa mwaka 2024, ulikuta matatizo makubwa ndani ya mwaka mmoja kwa asilimia 6.7 ya walioongozwa na hesabu ya picha, dhidi ya asilimia 4.2 ya waliopimwa kwa waya. Kwa hiyo, palipo na waya, mimi ningechagua waya.

Haya yote ni kwa maumivu yanayokuja kwa kazi na kutulia kwa mapumziko. Yakimjia akiwa ametulia, au yakigoma kuondoka, msingoje kipimo chochote. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Wakati mkisubiri waya, asiache aspirini na dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) alizoandikiwa, kwa kuwa atazihitaji hata jibu likiwa 0.90.