Kupe na nyama ya mbuzi

Kaka, umeuliza kama kweli kupe anaweza kumharamishia mtu nyama, maana mjomba wako hapo Malindi akila pilau ya mbuzi jioni huamka usiku wa manane mwili umefura na kuwasha, na nyumbani wanasema ni jini.

Kweli, yawezekana. Mate ya baadhi ya kupe yana sukari iitwayo alfa-gali. Ukishaumwa, mwili waweza kuifanya adui, na sukari hiyo hiyo imo kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata ngamia. Kinachopoteza watu ni saa. Mwenye mzio wa kamba huvimba mara moja, lakini huu wa nyama hungoja muda wa saa 2 mpaka 6 baada ya kula. Mtu ameshalala, nani atakumbuka pilau? (Jini wa watu analaumiwa bure.)

Mzio huu umejulikana zaidi Marekani na Australia, ila Afrika Kusini pia upo. Kuku na samaki havina sukari hiyo, kwa hiyo changu wa kupaka ale tu. Supu ya mifupa aiache kwanza. Maziwa huwadhuru baadhi, si wote.

Lakini usimpe ugonjwa kwa maneno yangu. Aende kwa daktari, aeleze saa alizokula na saa alizoamka, aulizie kipimo cha damu cha mzio. Pumzi ikimbana au ulimi ukivimba, hospitali usiku huo huo, asingoje kupambazuke.

Na akimkuta kupe mwilini, amvute polepole kwa kibano karibu na ngozi. Mafuta ya taa hapana.