Kabla hujautaja msonobari, inua macho

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya koni, kile kibebeo kigumu cha mbegu za msonobari chenye magamba, ikiwa kiganjani mwake, na swali fupi: "Ndugu, huu ni msonobari gani?" Nilikawia kumjibu, maana swali hilohilo liliwahi kuniumbua.

Nilikuwa nikiwatembeza watu bustanini. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikaokota koni, nikatangaza kwa sauti kuwa ule ni msonobari wa Skoti, Pinus sylvestris. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Umetazama juu, mwanangu?" Sikuwa nimetazama. Watu wakacheka, na kicheko kile kinaniuma hadi leo. Ulikuwa msonobari mweusi, Pinus nigra.

Koni ndiyo iliyoniponza. Ikilowa hufumba magamba yake, ikaonekana nyembamba. Ikikauka huyafumbua ikatanuka. Isitoshe, za Skoti huwa na sentimita 3 hadi 7, za mweusi 5 hadi 8 hivi, kwa hiyo koni ya sentimita 6 yaweza kuwa ya mti wowote kati ya hiyo miwili. Ikaushe kwanza, ndugu yangu, na hata hapo usiiamini peke yake.

Gome ndilo shahidi. Usiishie chini, kwani huko msonobari wa Skoti uliozeeka nao huwa na gome nene lenye mipasuko. Panda na macho. Kuanzia katikati ya shina kwenda juu, gome la Skoti huwa jembamba, lenye rangi ya chungwa, likibanduka vipande vyepesi kama karatasi. Jua la jioni likilipiga, mti unang'aa. Mweusi hauna rangi hiyo. Ni kijivu kilichokolea mpaka juu, wenye mifereji mirefu, na ukiupapasa unakukwaruza kiganja.

Sindano zao, yaani majani yao membamba, zote hutoka mbilimbili, lakini za Skoti ni fupi, zimejisokota na zina ubuluu kidogo. Za mweusi ni ndefu, ngumu, kijani kizito.

Wewe unayetaka watu wakuamini kuhusu miti, funga mdomo mpaka umelitazama shina lote. Narudia: shina lote. Haraka ya kutaja jina huvunja heshima iliyojengwa kwa miaka.

Nilimwomba msomaji picha ya sehemu ya juu ya shina. Ikaja jana: rangi ya chungwa tupu. Nikamwandikia, "Skoti," bila kusita. Yule mzee sijamwona tena; natamani angeiona picha hiyo.