Krauni ya zirkonia inabanduka kila mara

Mkuu, unauliza kwa nini krauni ya zirkonia (kofia ya jino ya kauri ngumu) imebanduka mara mbili wakati ndani uliipaka asidi ya haidrofloriki vizuri tu. Shida iko hapohapo, asidi ile inakula glasi na zirkonia haina glasi, kwa hiyo ulikuwa unaipaka bure. Lithiamu disilikati, kauri yenye glasi, ndo yake hiyo, asidi ya asilimia 5 kwa sekunde 20, suuza, kausha, weka saileni (kimiminika cha kuunganisha glasi na gundi) basi. Zirkonia unaipiga mchanga wa alumina wa maikroni 50, presha ndogo tu kama ba 1 mpaka 2, usiikomalie maana unaitia nyufa, alafu praima (ya kupaka kabla ya gundi) yenye MDP, kemikali ya fosfeti, ile ndo inashikana na oksidi ya zirkonia.

Sasa kosa la wengi (hata mimi nimelifanya sana): unaijaribisha mdomoni inalowa mate, unaisafisha na ile jeli ya bluu ya asidi ya fosforiki. Umeharibu! Fosfeti za jeli zinakaa palepale MDP ilipotaka kushika. Jaribisha kwanza, mchanga baadaye, na ndani usiguse hata na glavu.

Jino lenyewe likoje lakini? Kama ni fupi na limechongwa likachongoka kama pia ya kuchezea, krauni haina pa kushikilia, praima haitakusaidia sana.