Kamera ya USB 3 inashuka hadi Mbps 480: nibadilishe njia karibu na konekta?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Niko Moshi, natengeneza bodi ya mashine ya kuchambua buni kwa kamera. Moduli ya kompyuta imekaa juu ya bodi yangu, na kamera inaingia kwa konekta ya USB 3 Type-A, ile ya miguu inayopenya bodi. Bodi ina matabaka manne na unene wa mm 1.6. Jozi za kasi (mistari miwili miwili inayobeba data ya USB 3) zinapita tabaka la juu, upana mm 0.26 na nafasi mm 0.2, na kiwanda kilithibitisha impidansi (upinzani ambao ishara ya kasi inauona njiani) ya omu 90. Kebo ya nusu mita inashika Gbps 5 lakini picha zinakatika. Kebo ya mita 2 inashuka hadi Mbps 480. Kwenye mistari yote nimeweka diodi za kuzuia umemetuli za pF 3, maana ndizo nilizokuwa nazo. Je, nipunguze upana wa njia zinapokaribia konekta ili kurekebisha impidansi?

JIBU: Hapana ndugu yangu, njia ziache kama zilivyo. Ukizibana karibu na konekta utaongeza badiliko jingine la impidansi kabla ya lile linalokusumbua. Kosa liko kwenye vitu vinavyoning'inia juu ya njia, na kwa maelezo yako kikubwa kuliko vyote ni hizo diodi.

Tupige hesabu. Kwenye Gbps 5, ishara inayobadilika kwa kasi kuliko zote ni ya GHz 2.5, na kila mstari wa jozi yako unaona takriban omu 45. Kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya pF 3 ikiwekwa kati ya mstari huo na graundi (shaba ya volti sifuri), kwa masafa hayo inarudisha nyuma karibu asilimia 73 ya volti ya wimbi, yaani zaidi ya nusu ya nguvu. Ikiwa pF 0.3, kinachorudi ni kama asilimia 10. Kebo fupi inakuvumilia kwa sababu yenyewe haili ishara nyingi, kwa hiyo mpokeaji anabaki na akiba ya kusahihisha. Kebo ya mita 2 inaila akiba hiyo, mawasiliano ya kasi yanashindwa, na kamera inarudi kwenye jozi ya USB 2.0, ambayo ina mistari yake na haisumbuliwi na pF 3. Kwenye jozi hiyo diodi zako zinafaa, ziache.

Kabla ya kuagiza bodi nyingine, hakikisha. Ng'oa kwa hewa moto diodi za jozi mbili za kasi peke yake. Ila tazama kwanza kwa lenzi: diodi nyingi za namna hii zina miguu 6, na kila mstari unatumia miguu miwili iliyounganishwa ndani ya kifuko. Kama njia yako inapita chini ya kifuko na kuziunga pedi (vipande vya shaba vya kulehemia) zote mbili, ukiing'oa mstari unabaki mzima. Kama uliacha kifuko chenyewe kiwe daraja, mstari utakatika, na itabidi uunge pedi mbili kwa kipande cha waya mwembamba kilicholala bapa kwenye bodi. Kisha chomeka kebo ya mita 2 na uandike lsusb -t, amri ya Linux inayoonesha kasi ya kila kifaa cha USB. Ukiona 5000M, mhalifu umempata. Wakati wa jaribio hilo shika chasisi mara kwa mara, maana bodi haina kinga.

Usije ukaamua kuendelea bila diodi. Buni kavu na maganda yanayoteleza kwenye mfereji wa plastiki huzalisha umemetuli mchana kutwa. Agiza diodi zilizotengenezwa kwa ajili ya USB 3, zisizozidi pF 0.3 kwa mstari, na uzipange kati ya konekta na kapasita za nF 100 zilizo kwenye mistari ya kasi, karibu kabisa na konekta. Mguu wa graundi wa diodi upate via yake (tundu dogo lenye shaba linalounga matabaka) pembeni hapo hapo.

Sasa konekta, kwa toleo lijalo. Tundu la mguu lenye pedi ya mm 1.1, likipita kwenye graundi iliyoachiwa pengo lisilo na shaba la kipenyo cha mm 1.5, linafanya kazi kama kapasita. Kanuni ya kawaida ya tundu inatoa karibu pF 1 kwa bodi ya unene wako. Panua pengo hadi mm 2.1 kwenye matabaka yote mawili ya ndani, inashuka kufikia karibu pF 0.4. Hilo pekee linazidi mengi ambayo watu huhangaika nayo. Mapengo ya matundu mawili ya jozi moja yakigusana na kuwa yai moja, ni sawa kabisa. Lisilofaa ni yai la jozi ya kupokea kuungana na la jozi ya kutuma: mguu wa graundi ulio katikati lazima ubaki umeshikwa na tabaka la graundi. Pengo liishie hapo penye tundu, lisitambae chini ya njia, kwa sababu njia isiyo na graundi chini yake inapanda juu ya omu 90.

Kuna na upande wa kuingilia. Konekta imekaa juu na njia yako inafika ikiwa juu, hivyo shimo lote la mm 1.6 pamoja na ncha ya mguu inayotokeza chini vinabaki mkia usio na kazi. Kwa Gbps 5 mkia huo unaongeza kapasitansi tu, haujawa kifo. Kwa Gbps 10 ungenitia wasiwasi. Ukiweza, shusha jozi tabaka la chini karibu na moduli kwa via za tundu la mm 0.2, weka via ya graundi kila upande ndani ya mm 1, kisha ingia kwenye konekta kutokea chini. Tabaka la 3 lazima liwe graundi mfululizo chini ya jozi yote. Kama huko umepitisha volti 3.3, baki juu na ukate ncha za miguu zilingane na lehemu.

Kukata graundi chini ya pedi za kapasita za nF 100 ndiko watu hukimbilia kwanza. Pedi ya kapasita ya saizi 0402 kwenye bodi yako ina kama pF 0.06, inayorudisha asilimia 2 hivi. Tumia saizi ndogo zaidi ya 0201, usonge mbele.

Urefu wa mistari miwili ndani ya jozi usipishane zaidi ya mm 0.15, na fidia ifanyike pale pale tofauti ilipozaliwa, kwa kawaida mlangoni mwa konekta. Jozi ya kutuma na ya kupokea hazihitaji kulingana urefu. Kama chanya na hasi zinalazimika kupishana ndipo zifike mguuni, zibadilishane nafasi: mpokeaji wa USB 3 hutambua jozi iliyogeuzwa na kujirekebisha.

Ukiazima nanoVNA (kifaa kidogo kinachopima ishara inavyorudi nyuma) kupima, jua kwamba ile ya GHz 3 haitofautishi vitu vilivyoachana kwa chini ya sentimita 1 hivi kwenye bodi. Pedi na tundu vitaonekana bonde moja, kwa hiyo linganisha bodi ya zamani na mpya, usisome omu za kila kitu. Kipimo cha mwisho ni kebo ndefu kuliko utakayomuuzia mteja, kamera ikitiririsha picha saa nzima, na dmesg (amri ya Linux inayoonesha kumbukumbu za mfumo) isioneshe hata mara moja kamera kuanzishwa upya.