Straika kukabidhiwa timu: jibu langu, na kwa nini namtaja Mzee Kibadeni

Mkuu, swali lako nililibeba mwenyewe mwaka 2013, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa kirefu. Una miaka 31, unacheza namba tisa ligi ya mkoa, goti limeanza kusumbua, na viongozi wanataka msimu ujao wakukabidhi timu. Wenzako wanakwambia straika hawezi ukocha, kwamba hiyo ni kazi ya viungo na mabeki kwa kuwa wao ndio waliozoea kuuona uwanja wote. Unauliza kama wanasema kweli.

Wanasema nusu ya kweli. Nusu hiyo mimi iliniadhibu vibaya, ndiyo maana naanza nayo.

Nilicheza straika hapa Morogoro mpaka goti liliponikatalia. Timu ikabaki bila kocha, nikaambiwa wewe ndiye mkubwa, simamia. Mechi yangu ya kwanza nikiwa pembeni ya mstari ilikuwa Septemba 2013. Tulifungwa 4–0. Matatu kati ya mabao hayo yalitoka upande mmoja, kwa beki wetu wa kushoto, ambaye winga wao alikuwa anampita kila anapotaka. Na mimi sikumwona. Dakika zote tisini macho yangu yalikuwa kwa namba tisa wangu. Akichelewa kuondoka, naguna. Krosi ikipigwa, mguu wangu wa kulia unanyanyuka wenyewe kana kwamba mimi ndiye ninayemalizia.

Baada ya mechi tukiwa tunakusanya mipira, mzee aliyekuwa akitutunzia vifaa, beki wa zamani, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, namba tatu wako leo amevaa kiatu gani?" Nikamtazama tu. Akaninyooshea kiatu cha kushoto cha yule kijana. Soli ilikuwa imeachia kuanzia kidoleni mpaka katikati, inapepea kama ulimi. Kijana alikuwa akiteleza kila akigeuka, tangu kipindi cha kwanza, na hakusema kwa sababu aliogopa kutolewa. Kwenye begi la vifaa kulikuwa na jozi nyingine ya saizi yake.

Yule mzee hakunigombeza. Aliniambia kesho yake mazoezini nisisimame katikati wala pembeni, nikae nyuma ya goli letu. Nilikaa huko mwezi mzima. Siku za kwanza niliona mateso, maana mpira wote unachezwa mbali na wewe na huoni bao likifungwa vizuri. Wiki ya pili nikaanza kuona vitu ambavyo sikuwahi kuviona nikicheza: kwamba viungo wangu wawili walikuwa wanapanda pamoja na kuacha shimo, kwamba beki wa kati akipata mpira hana mtu wa kumpa ila kipa, kwamba kipa wangu alikuwa hasemi hata neno moja.

Ukitafakari, si ajabu. Straika maisha yake yote anacheza na goli lake likiwa mgongoni. Uwanja wake ni mita 25 za mwisho. Akigusa mpira mara tisa na moja ikaingia, watu wanambeba mabegani, na hizo nyingine nane hakuna anayezikumbuka. Kazi hiyo inakufundisha kusubiri nafasi moja na kusahau makosa haraka. Kwa mchezaji hiyo ni dawa, ila kocha akisahau makosa haraka amekwisha.

Sasa nije kwa Mzee Abdallah Kibadeni, King Mputa, maana hao wenzako wanaosema straika hawezi ukocha nadhani hawajamtazama sawasawa mtu wa hapa hapa nyumbani.

Kama straika hahitaji utambulisho. Tarehe 19 Julai 1977 Simba waliifunga Yanga 6–0, na matatu kati ya hayo aliyafunga yeye peke yake. Jumanne Hassan Masimenti alifunga mawili, na moja Yanga walijifunga. Kwa watu wa Simba yalikuwa malipo ya 5–0 walizofungwa na Yanga mwaka 1968, wakati huo wakiitwa Sunderland. Baba yangu mkubwa alikuwa Yanga damu, na mpaka anafariki jina la Kibadeni lilikuwa halitajwi mezani kwake. Mabao matatu ya mtu mmoja kwenye mechi ya watani, ndugu yangu, mastraika wangapi wakubwa wamepita pale, wa ndani na wa nje, wakaondoka bila kuyafikia?

Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi kwa kisa hicho kimoja, akaalikwa kila mwaka kukisimulia. Yeye akaenda kwenye ukocha. Na mwaka 1993 akiwa kocha wa Simba aliifikisha timu fainali ya Kombe la CAF, mashindano ya klabu za Afrika yaliyoandaliwa na Shirikisho la Soka Afrika. Nilikuwa na miaka kumi na moja, tulisikiliza redioni. Mechi ya kwanza kule Abidjan dhidi ya Stella, klabu ya Ivory Coast, ilikwisha 0–0, nchi nzima ikaona kombe limeshafika. Marudiano Novemba, Uwanja wa Taifa wa zamani umefurika, tukafungwa 2–0. Nakumbuka mtaani kwetu kulivyonyamaza. Watu wengi wakilizungumza jambo hili huanza na kuishia kwenye majonzi ya siku ile, na mimi naona si haki kwa kocha. Ile timu ilikuwa na Mohamed Mwameja golini na George Masatu kwenye ulinzi mbele yake. Ilitoka sare ugenini kwenye fainali ya Afrika bila kuruhusu bao, ikiongozwa na mtu ambaye jina lake lote lilijengwa kwa kufunga. Hilo ndilo nalitazama mimi. Alishajifunza kulipenda goli lake mwenyewe.

Lakini iliyonifunza zaidi ni mechi niliyoiona kwa macho yangu. Oktoba 20, 2013, mwezi mmoja tu baada ya zile nne nilizofungwa, nikapanda basi kwenda Dar kuangalia Simba na Yanga. Kibadeni alikuwa amerudi Simba msimu ule akitokea Kagera Sugar, na msaidizi wake alikuwa Jamhuri Kihwelo, Julio. Mpaka mapumziko Yanga walikuwa wanaongoza 3–0. Mrisho Ngassa alifungua, Hamis Kiiza akaongeza mawili. Jukwaani kwetu watu walishaanza kutoka, wengine wanazima simu kabisa wasipigiwe na watani.

Mimi nilibaki kwa sababu moja tu: nilitaka kuona yule straika wa 1977 atafanya nini. Moyoni nilishamfanyia uamuzi. Nikasema ataingiza straika mwingine, labda wawili, maana ndivyo ningefanya mimi, na ndivyo nilivyofanya kwenye mechi yangu tulipokuwa nyuma 2–0 nikaishia kula nne.

Hakuingiza straika. Kipindi cha pili waliingia vijana wawili, Said Ndemla na William Lucian, timu ikaanza kushika mpira katikati. Betram Mwombeki akapata la kwanza. Dakika chache baadaye Joseph Owino akaongeza la pili. Zikiwa zimebaki dakika kama tano hivi, Gilbert Kaze akasawazisha. Mkuu, angalia hayo majina. Owino ni beki. Kaze ni beki. Kocha aliyewahi kuwafunga Yanga matatu peke yake aliirudisha timu kutoka 3–0 kwa kurekebisha kiungo, na mabao mawili ya mwisho yakaja kwa mabeki. Kwenye basi la kurudi Morogoro usiku ule sikulala. Nilitoa daftari nikaandika mechi yangu upya, dakika kwa dakika, nikijiuliza ningemtoa nani na kumwingiza nani.

Nikwambie pia upande mwingine wa kazi, usije ukashangaa ukikufika. Kabla mwaka ule haujaisha Kibadeni alikuwa ameshaondolewa, nafasi akapewa Zdravko Logarusic wa Croatia. Sare ile haikumwokoa, wala fainali ya 1993, wala yale matatu ya 1977. Ukiwa straika, bao lako la mwaka juzi bado linaimbwa. Ukiwa kocha, watu wanahesabu Jumamosi iliyopita.

Huyo si wa pekee. Juma Mgunda alikuwa mshambuliaji wa Coastal Union ile iliyochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988. Septemba 2022 Simba walimwita ghafla baada ya Zoran Maki kuondoka, na aliwatoa Nyasa Big Bullets na Primeiro de Agosto, akaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Huko Ulaya, Alex Ferguson naye alikuwa straika, na alianza ukocha mwaka 1974 akiwa na miaka 32, karibu na umri wako, kwenye kitimu kidogo cha Scotland kinachoitwa East Stirlingshire. Alan Shearer, mfungaji mwenye mabao mengi kuliko wote katika Ligi Kuu ya England, alikabidhiwa Newcastle ya huko huko England mwaka 2009 zikiwa zimebaki mechi nane, akashinda moja na timu ikashuka daraja. Mimi simlaumu Shearer kwa uwezo wake. Alianzia juu kabisa, mechi nane, mbele ya watu elfu hamsini, na hakuwa na mwezi wake wa kukaa nyuma ya goli.

Sasa ile nusu ambayo wenzako hawaijui. Kuna vitu straika anaweza kuwapa wachezaji ambavyo beki hawezi, ila navyo vina shida yake: huvijui kwa maneno. Nilikuwa na kijana, mbio anazo, shuti analo, lakini kila akiondoka ni kuotea. Nilimpigia kelele wiki tatu, "subiri, subiri!" Hakuna kilichobadilika. Siku moja nikaamua nicheze mwenyewe taratibu, kwa kutembea, beki akiwa mbele yangu, nijiangalie nafanya nini. Nikagundua nilikuwa siangalii mpira kabisa wakati wa kuondoka. Nilikuwa naangalia kiuno cha beki. Beki akigeuza kiuno kuutazama mpira, uzito wake wote unaangukia mguu mmoja, na hapo hawezi kukufuata mpaka aubadilishe. Ni nusu sekunde. Nimeishi kwa hiyo nusu sekunde miaka kumi na tatu bila kujua ina maelezo.

Nikamwita yule kijana, nikamsimamisha beki, nikamwambia sahau mpira, niambie tu kiuno kinapogeuka. Akawa anasema "sasa", "sasa", "sasa". Tukafanya hivyo siku nne bila kupiga shuti hata moja, wenzake wakituona kama tumechanganyikiwa. Jumamosi yake alifunga, na akaja mbio kwangu akinionyesha kiuno chake kwa mikono miwili. Ile furaha, Mkuu, sikuwahi kuipata kwa bao langu lolote.

Kwa hiyo kwa swali lako: chukua timu, lakini usiichukue msimu ujao. Waombe viongozi wakupe vijana wa chini ya miaka 15 kwanza, mwaka mmoja, huku ukiendelea kucheza kadiri goti linavyoruhusu. Tafuta nafasi kwenye kozi za ukocha kupitia chama chenu cha mkoa, anzia ngazi ya chini kabisa hata kama unaona umecheza mpira mkubwa. Mimi nilipopata leseni C ya CAF ndipo nilipoelewa ni vitu vingapi nilikuwa nafanya kwa kubahatisha. Tafuta msaidizi aliyekuwa beki au kipa, mtu atakayekubishia, na ukubali kubishiwa mbele ya wachezaji.

Na straika wako wa kwanza atakapokaa mechi sita bila bao, utamwonea huruma kwa sababu unakijua kile kinachomkaba kooni usiku. Kaa naye, mwambie ukweli, na siku hiyo kama timu inamhitaji mwingine, mtoe. Mimi nilishindwa kumtoa wangu mechi tatu mfululizo, na kwa pointi tatu tukakosa kupanda.

Timu yenu ina mazoezi Jumanne na Alhamisi, umesema. Alhamisi hii kwa kuwa goti linauma, usivae viatu. Beba kiti, kaa nyuma ya goli lenu, daftari mkononi, na uandike kila kitu ambacho kipa wenu anakiona. Kisha rudi hapa utuandikie, nitayasoma na nitakujibu.