Je, Wasiwasi Wangu Ni Upungufu wa Imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nilikuwa mshauri nasaha katika mradi wa VVU uliotegemea fedha za Marekani, na mwanzoni mwa mwaka 2025, misaada iliposimamishwa, tuliambiwa turudishe funguo na kungoja simu. Simu haijaja. Nina watoto wawili sekondari na marejesho ya mkopo wa kikoba. Usiku nahesabu madeni mpaka naisikia adhana ya alfajiri. Kila asubuhi wenzangu wa kanisani hunitumia Yeremia 29:11, na mmoja ameniambia kwamba wasiwasi ni dhambi, ila nikipanda mbegu kwa sadaka nono mlango utafunguka. Je, imani yangu ni pungufu? Na tumaini hilo nilishike vipi ilhali hakuna kinachobadilika?
Msomaji, Iringa

JIBU: Amina, dada yangu. Mtu asiyejua atalipa ada kwa fedha ipi anayo sababu ya kukosa usingizi, na sioni dhambi hapo. Marko anaandika kwamba Bwana wetu mwenyewe, usiku ule wa Gethsemane, alianza “kufadhaika sana na kuhangaika”, na sijasikia mhubiri aliyethubutu kumwita mwenye imani haba.

Aya wanayokutumia ni njema, lakini imenyofolewa kutoka katika barua ndefu, nami nakusihi uisome barua yote. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, watu waliopoteza nyumba, kazi na hekalu kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kuwaambia kwamba Mungu anawawazia “mawazo ya amani wala si ya mabaya”, aya ya 10 inawatajia miaka 70 ya kukaa Babeli, maana yake ni kwamba wengi waliosikia barua ile ikisomwa wangezikwa ugenini. Sura ya 28 inamtaja nabii mwingine, Hanania, aliyewaahidi kwamba mambo yote yangerudi kama zamani katika muda wa miaka miwili, akaivunja na ile nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, ili watu waone. Bila shaka mahubiri yake yalipendwa zaidi. Yeremia naye alijibu “Amina”, kwa kuwa alitamani iwe hivyo, lakini baadaye alitumwa kumwambia Hanania kwamba anawatumainisha watu kwa uongo. (Kina Hanania hawajaisha, na siku hizi wana vipaza sauti.)

Sasa tazama barua inawaagiza nini watu hao wa miaka 70: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao, na wauombee amani mji uleule uliowateka. Tumaini la Biblia linaonekana hapo, katika kazi ya leo inayofanywa na mtu ambaye bado hajajibiwa. Yeremia mwenyewe aliliishi. Yerusalemu ikiwa imezingirwa na majeshi ya Babeli, naye amefungwa katika uwanda wa walinzi, alinunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akaweka sahihi, akaita mashahidi, akamwagiza mwandishi wake Baruku atie hati katika chombo cha udongo zipate kudumu. Ukiendelea kusoma sura hiyo ya 32 utaona kwamba baada ya kulipa ndipo alipomwuliza Mungu, kwa mshangao usiofichwa, imekuwaje aambiwe anunue shamba katika nchi inayotekwa. Alitii huku haelewi, na Mungu hakumkaripia kwa kuuliza.

Kwa hiyo, unapokesha usijilazimishe kusali kwa furaha usiyokuwa nayo. Soma Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno lolote la kujifariji. Kanisa limeisali kwa karne nyingi pamoja na zile za shangwe. Mtajie Mungu madeni hayo kwa majina na tarakimu. Kukicha, nenda kwa mwenyekiti wa kikoba kabla siku ya marejesho haijafika, umweleze hali ilivyo na kuomba muda, kwa kuwa anayejieleza mapema husikilizwa kuliko anayefuatwa nyumbani. Wanaokutumia aya kila asubuhi nao waambie wazi kwamba unatafuta kazi. Mtu mwenye uzoefu wako wa unasihi anaweza kuhitajika mahali ambapo wao wanapafahamu nawe hupafahamu.

Usiudharau mwili. Nabii Eliya alipochoka hadi kuomba afe, malaika hakuanza na mahubiri: alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, kisha akamwacha alale tena. Ikiwa usingizi umekataa kwa majuma, au mawazo ya kutotaka kuishi yameanza kukujia, nenda hospitali leo umweleze daktari kama ulivyokuwa ukiwashauri wengine.

Limebaki la mbegu. Mungu hauzi milango, na hakuna andiko linalokutaka umnyime mtoto masomo ili kuinunua. Utoe sadaka ya shukrani kwa kadiri ya ulicho nacho. Fedha ya ada ipeleke shuleni, na huyo mwenzako akikuuliza, mwambie ni mimi niliyekuambia.