Makala (makaa) yamekuwa mekundu, moshi umeisha: mbabula, jiko la makala, iingie chumbani?

SWALI: Fundi, baridi imeshaanza kutuuma huku Katuba. Nyumba yetu ni ya matofali, bati juu, hakuna dari. Nina mtoto wa miezi miwili, na mama mkwe ana pumu. Nataka kujua ni wakati gani hasa mtu aanze kupasha chumba joto usiku. Mume wangu anasema makala yawashwe nje mpaka yawe mekundu, moshi uishe, ndipo mbabula iingie, na beseni la maji pembeni linyonye gesi. Shofaje ya umeme, ya kupasha chumba joto, tunayo, lakini umeme wetu unaujua mwenyewe. — Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, hilo la "lini" nitalifikia, ila beseni kwanza. Gesi ya makala inayoua inaitwa monoksidi ya kaboni, na karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Weka beseni moja, weka kumi: asubuhi mtakuta majivu yanaelea juu ya maji, na gesi yote mmeivuta ninyi. Ni vilevile kwa chumvi ya kutupia motoni, kitunguu kilichokatwa nusu, na majani mabichi ya kuweka juu ya makala. Kila mwezi wa tano ukifika hizo dawa zinazunguka mtaa kwa mtaa, na anayezigawa hatumii neno "labda" hata mara moja.

Sasa hayo makala mekundu. Moshi wa mwanzo ni unyevu na mabaki ya kuni ambayo hayakuiva vizuri kwenye tanuru. Ukiisha, kinachobaki ni kaboni karibu tupu. Hewa inaingia kwa chini, inakutana na makala ya chini na kuwa kaboni dioksidi. Hiyo inapanda, inapita katikati ya makala ya juu yenye moto mkali, na huko inageuka kuwa monoksidi. Jioni moja itazame mbabula nje, mahali penye giza: utaona vimoto vya samawati vinacheza juu ya makala. Ndiyo gesi yenyewe hiyo, inaungua. Majivu yakianza kufunika makala, vimoto vinazimika lakini gesi haijaacha kutoka; inatoka sasa bila kuungua. Na hiyo ndiyo saa watu wanayosema moto umetulia, wanafunga mlango, wanalala. Kwa hiyo mume wako anangoja mpaka ile dalili pekee ambayo pua ingeishika iondoke, ndipo aingize moto ndani.

Wengine wanapima kwa mshumaa: ukiwaka, hewa ni nzuri. Mshumaa hupima oksijeni. Hewa ya kawaida ina asilimia 21, na mshumaa hauzimiki mpaka ishuke karibu na 16. Monoksidi ikifika asilimia 0.16 tu, kichwa kinauma ndani ya dakika 20, na katika muda wa saa mbili hivi mtu anaweza kufa. Mshumaa utakuwa bado unawaka vizuri kabisa kando ya maiti.

Wapo pia wanaopandisha kitanda cha mtoto juu kwa sababu "gesi ni nzito, inakaa chini". Wanaichanganya na kaboni dioksidi. Monoksidi ina uzito karibu sawa na hewa, tena ni nyepesi kidogo, na inaenea chumba kizima. Na dirisha la kuacha wazi kidogo? Joto na gesi vinatokea tundu hilohilo. Ukifungua kiasi cha kutosha kuondoa gesi, umerudisha baridi yote. Ukifungua kiasi cha kubakiza joto, umebakiza na gesi. Mbabula haina bomba la kutoa hewa yake nje, basi mahali pake ni nje.

Turudi kwenye "lini". Nunua kipimajoto cha ukutani, cha kawaida tu, kitundike chumba cha kulala, mbali na dirisha, kwa urefu wa kitanda. Kisome saa kumi na mbili asubuhi, maana hapo ndipo baridi hufika mwisho wake. Shirika la Afya Duniani linaweka nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini cha ndani ya nyumba katika majira ya baridi. Kwa watu wazima wenye afya, kipimo kikishuka kidogo, blanketi la pili linatosha. Kwa mtoto wa miezi miwili na mgonjwa wa pumu, asubuhi tatu mfululizo chini ya 18 zinatosha kuanza. Hapa Lubumbashi usiku wa mwezi wa sita na wa saba hushuka chini ya nyuzi 10 nje, kwa hiyo nyumba ya bati bila dari itafika hapo mapema.

Lakini kabla ya kuwasha chochote, zuia joto mlilonalo. Mchana wa majira haya yasiyo na mvua kuna jua, na matofali yanalinywa. Fungua madirisha upande wa jua kuanzia saa nne, yafunge saa kumi alasiri, usingoje giza. Usiku mbingu haina mawingu, na bati linapoteza joto kwenda juu haraka mno. Ndiyo maana dari inasaidia kuliko shofaje. Kama hakuna pesa ya dari, shona mifuko ya mchele iwe turubai moja, ivute vizuri chini ya mbao za paa juu ya chumba cha mtoto, isikaribie taa wala waya. Ziba chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa. Kuziba huku ni salama kwa sharti moja, kwamba hakuna moto ndani. Ukiziba halafu ukaingiza mbabula, umekamilisha mtego.

Mbabula ifanye kazi yake uani: ichemshe maji. Kwa bidon (dumu) gumu la lita 5, lile la mafuta, changanya sehemu mbili za maji yanayochemka na moja ya baridi, ufike karibu nyuzi 70. Funga vizuri, ligeuze uone kama linavuja, lizungushie kitenge kizito, liweke kitandani kwenye miguu. Likipoa mpaka nyuzi 30 litakuwa limetoa joto sawa na shofaje ya wati 1,000 iliyowaka karibu robo saa, tena lote liko chini ya blanketi. Kwa mtoto, pasha malazi kisha liondoe kabla hujamlaza. Mtoto mwenyewe joto lake bora ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani wakati mko macho. Mguse shingo kujua kama ana baridi. Mikono ya mtoto hupoa hata akiwa sawa.

Shofaje yako: kabla ya siku ya kwanza itoe nje, pangusa vumbi kwa brashi, iwashe dakika kumi hukohuko, ili vumbi la mwaka mzima lisiunguzwe mbele ya mwenye pumu. Shofaje ya wati 2,000 kwenye volti 220 inavuta ampea 9. Inataka soketi ya ukutani yenye waya wa milimita mraba 2.5, na si ralonji (waya wa kuongezea) nyembamba ya redio. Baada ya dakika 15 shika plagi: kama mkono haustahimili, chomoa, kuna mguso mbovu ndani. Usiku umeme ukishuka hadi volti 160, shofaje hiyohiyo inatoa karibu wati 1,060, nusu ya ahadi yake. Usidanganyike kuongeza ya pili kwenye ralonji ileile, kwa sababu umeme ukipanda tena zote mbili zitavuta kwa nguvu zote. Washa nusu saa kabla ya kulala, kisha chomoa. Mgao ukikata umeme mkiwa macho, chomoa papo hapo; unaporudi saa nane usiku, blanketi huenda limeshaangukia pale. Na ile koili iliyozungushwa kwenye tofali ambayo fundi wa kona anauza kwa bei ya soda, volti 220 wazi kwenye chumba chenye mtoto, sina la kuieleza zaidi.

Wanaosoma hili na mbabula imeshalala ndani jana: kichwa kinawauma asubuhi nyumba nzima, kichefuchefu, miguu mizito, homa hakuna, na mkikaa nje kwa muda wa saa mbili hivi mnajisikia nafuu? Hiyo si malaria. Mtu anameza dawa ya malaria, jioni anarudi kulala na mbabula ileile. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, kinadanganya: hakitofautishi damu iliyoshika oksijeni na ile iliyoshika monoksidi, kinaandika 98, na mgonjwa anarudishwa nyumbani. Sema mwenyewe neno "makala" unapofika zahanati, msingoje waulize.

Ukimkuta mtu hajitambui, fungua mlango wote, mvute nje kwanza, maswali baadaye. Mlaze ubavu, kama hapumui, mpulizie mdomoni. Kumnywesha maziwa ili kuondoa gesi, hapana: gesi iko kwenye damu, haiko tumboni, na asiyejitambua maziwa yanaingia mapafuni. Anachohitaji ni oksijeni kwa barakoa, kwa hiyo chagua hospitali yenye oksijeni hata kama iko mbali kidogo. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hutoka kwenye damu kwa saa nne hadi sita. Kwa oksijeni tupu, kwa saa moja hivi. Mjamzito apelekwe hata akisema ameshapona, maana damu ya mtoto tumboni huchelewa kuiachia kuliko yake.